Chetezo Kilichomwagiwa Maji

Watu wa Kibokoni walikuwa na ada moja ya ajabu, na sioni haya kuisema kwa kuwa jamaa zangu nao walikuwa nayo. Mdila wa kahawa ukivuja ulizongwa kitambaa, mtumishi akaushika kwapani chini ya buibui, akaupeleka kwa Sidi kwa mlango wa nyuma. Ukishazibwa ulirudi kwa njia ile ile. Mgeni akiusifu, mwenye nyumba alijibu bila kupepesa jicho, "Ah, hiyo ni kazi ya marehemu Yeslam." Marehemu! Yeslam alikuwa chini ya mchanga mwaka wa sita, na kila wiki watu wasema kaziba mdila. Hakuna aliyejiuliza ni maiti gani huyo atiaye lehemu.

Aliyetia lehemu ni mjane wake, Sidi binti Kombe. Kwao ni upande wa Rabai, na alikuja kisiwani akiwa msichana, yeye na mamake na mzigo wa nazi. Yeslam, fundi wa Kishihiri aliyefua na kuziba midila, alimwona sokoni akigombana na mnunuzi, akampenda kwa ule ugomvi. Aliposilimu kadhi alimpa jina la Salma, na nadhani kadhi peke yake ndiye aliyelitumia, tena siku ile moja. Mji mzima ulimwita Sidi.

Kiwanda cha Yeslam kilikuwa daka la nyumba ya Bwana Abdulkadir, yaani ule ukumbi mdogo wa mlangoni wenye mabaraza mawili ya mawe. Macho ya Yeslam yalipoanza kuingia ukungu, mkewe akawa macho yake. Yeslam aliushika mdila, Sidi akamwambia pa kugusa. Baadaye Sidi akawa anashika chuma mwenyewe, na mume anasikiliza tu mlio wa lehemu ikiyeyuka. Jambo alilomkariria kuliko yote lilikuwa hili: "Usitazame tone linapodondoka, mke wangu. Tazama linapotoka. Tone ni jizi, huiba hapa likaonekana kule."

Alivyokufa ni kwa kosa la mtu mwingine na la kwake pia. Mtu alileta debe la petroli akitaka ligeuzwe birika la kuogea. "Li tupu kabisa," akasema, na kweli lilikuwa tupu, hata tone halikuwamo. Sidi alikuwa ameteremka kisimani. Yeslam akaligusa kwa chuma cha moto, na mshindo wake ulisikika mpaka Ngomeni. Aliishi siku tatu. Tangu siku hiyo Sidi alijua kwamba debe lililojaa petroli ni adui unayemwona, na debe lililo tupu lina mvuke usioonekana, nao ndio wenye kuua.

Alikaa eda miezi minne na siku kumi. Ilipokwisha, alilifagia daka, akawasha jiko la makaa, akakaa pale alipokaa mumewe. Bwana Abdulkadir hakumkataza, alimwonea huruma. Midila ikaendelea kuja, kwa mlango wa nyuma kama nilivyosema. Ila jina la fundi hakuna aliyempa. Aliitwa mke wa marehemu, na bei zake ziliitwa za mke wa marehemu, hata makosa ya watu wengine yaliitwa ya mke wa marehemu.

Sasa ingia kwenye wiki ya harusi. Hii ilikuwa miaka michache kabla ya vita vya Wajerumani. Bwana Abdulkadir alikuwa akimwoza binti yake Hafswa siku ya Alhamisi. Jumatatu asubuhi alishuka, akasimama mbele ya daka, kanzu imepigwa pasi, bakora mkononi.

"Subalkheri, Sidi."

"Akheri, Bwana. Mwaonaje hali?"

"Alhamdulillahi. Sidi, harusi ikisha, Jumamosi, daka nalitaka. Nimempa Badawi, fundi aliyetoka Lamu."

Sidi aliweka chini mdila aliokuwa akiusugua. "Nimekosa nini, Bwana?"

"Hukukosa. Lakini watu wasema. Mwanamke hana mume, ana moto barazani na nyundo mkononi, na wanaume wapita. Nyumba hii ni ya heshima. Tena kazi hii yataka fundi."

"Na mimi ni nani?"

Bwana Abdulkadir akaitazama midila iliyotundikwa ukutani, kumi na mmoja, yote imezibwa na mikono ile ile iliyokuwa mbele yake. Haya ikamshika kidogo, lakini alijibu. "Wewe ni mke wa marehemu," akasema, akaenda zake msikitini.

Maskini Sidi. Alilia mpaka akachoka kulia. Kurudi Rabai kwa nduguye angeweza, angepewa jembe na kona ya kulala. Kufua nguo za watu pia angeweza. Asichoweza ni kuishi bila lile jiko, bila ule ukelele mdogo wa lehemu ikikubali, bila kujua kwamba kitu kilichokuwa kimeharibika sasa ni kizima kwa sababu yake. Hilo ndilo alilokuwa karibu kunyang'anywa. Siku zilizobaki zilikuwa tano.

Ikafika Alhamisi. Jirani wa Bwana Abdulkadir alikuwa amemwoza bintiye mwezi uliopita kwa taa arubaini za kandili, na Mombasa nzima ilizisifu. Bwana Abdulkadir hakulala kwa hilo. Nyaya za stima hazikuwa zimeingia vichochoro vya Kibokoni, kwa hiyo yeye akakodi injini ya kutoa stima kwa tajiri mmoja wa Kilindini, injini ndogo ya petroli juu ya magurudumu, iliyokuwa ikizunguka na kuwashia watu sinema kwenye mahema. Ililetwa kwa troli ya reli, watu wanne wakiisukuma, imefungwa kamba, inaruka katika kila kiungo cha njia. Nani asiyejua troli zile? Zilikuwa zikivunja mpaka viuno vya watu.

Pamoja nayo alikuja mwangalizi wake, Dishon, Mkristo wa misheni ya Kisauni, mtu wa makamo aliyepata kufanya kazi kwenye karakana za reli. Alikuwa mpole, ana masizi mpaka masikioni. Akatundika globu ishirini na nne uani na juu ya ukumbi wa wanawake. Kazi yake nzuri. Lakini Bwana Abdulkadir, kwa kuogopa wezi, akataka injini iwekwe ghalani, chumba cha chini kilicho ubavuni mwa daka, chenye mlango mmoja na tundu moja la hewa lisilopitika hata na paka. Dishon alinung'unika, ila tajiri ni tajiri.

Baada ya saa moja harufu ikaanza kutoka chini ya mlango. Sidi aliinua kichwa. Nywele zilimsimama, kwa sababu harufu ile aliijua, aliilalia siku tatu kitandani kwa mumewe. Bila kuambiwa na mtu alifukia moto wa jiko lake kwa mchanga.

Akaenda kumchungulia Dishon. Mtu wa watu alikuwa amechutama chini ya injini, anakaza kiungo cha mrija. Pale kwenye kiungo lilining'inia tone, likaanguka, likaja jingine.

"Nimekikaza mara tatu, mama," akasema. "Chakataa. Nakwenda Kilindini kutafuta kipete kipya cha ngozi. Mtu asiingie na moto humu."

"Nani umemwambia?"

"Nimemwambia mpishi."

Alimwambia mpishi! Mpishi mkuu siku ya harusi, mwenye masufuria saba motoni na wasaidizi wote wamempandisha wazimu! Ungemwambia nyumba yaungua angekuuliza kama chumvi imetosha. Dishon akaenda zake, na neno lake likafa papo hapo jikoni.

Huko juu wageni wa kike walikuwa wameanza kuingia, na harufu ilikuwa imepanda ngazi ikawatangulia kwenye mikeka. Mmoja akavuta pua. Mwingine akamnong'oneza wa tatu. Bi Afaf, mke wa Bwana Abdulkadir, mama wa bibi harusi, aliona vile na akatamani ardhi impasukie. Harusi ya mwanawe yanuka karakana! Basi akafanya ambalo mwanamke yeyote wa mji huu angelifanya, wala msimlaumu, maana hata bibi zenu wangelifanya. Alichukua chetezo, akakijaza makaa mekundu, akatia udi na ubani, akashuka kwa ngazi ya ndani kwenda kuifukiza ile mashine. Angeua harufu, na hapo hapo angeikinga na jicho la hasidi. Kwa hesabu ya Mombasa lile lilikuwa jambo la busara kabisa.

Sidi alimwona akipita mbele ya daka, chetezo kinafuka, mkono wa pili tayari uko kwenye komeo la ghala.

"Bi Afaf! Simama! Simama hapo!"

Bi Afaf hata hakugeuka. Nani asimamishwe na mke wa marehemu siku ya harusi ya mwanawe? Komeo likalia.

Sidi alilinyanyua beseni lake la maji, lile alilopoozea vyuma, maji meusi ya masizi ya wiki nzima, akalimwaga lote. Yakakipata chetezo. Yakaipata na hariri mpya ya Bi Afaf toka kifuani mpaka miguuni. Makaa yalilia shaaa, udi ukafa, moshi ukapotea.

Ya Rabi! Kumwaga maji kwenye udi wa harusi! Bi Afaf akapiga ukelele. "Ameizima harusi ya mwanangu! Ameizima, mchawi huyu!" Wanawake wakajaa ngazini. Bwana Abdulkadir akaja mbio, kilemba upande.

"Si Jumamosi tena," akasema kwa hasira. "Leo. Kusanya vyombo vyako, utoke sasa hivi."

Sidi aliufunga mlango wa ghala kwanza, akaegemea juu yake. "Nitatoka, Bwana," akasema. "Sitakuomba tena. Ila nifuate kwanza mpaka kiwanjani, hatua hamsini, nikuonyeshe kitu kimoja. Ukishakiona, nitakwenda Rabai hata kwa miguu."

Alikuwa na tambara ambalo Dishon alilipangusia injini na kulitupa nje, limelowa kidogo tu, pengine matone matatu. Akalibeba kwa koleo. Katikati ya kiwanja, mbali na kila ukuta, akalitia ndani ya chungu kilichovunjika. Akawarudisha watu wote nyuma, akasimama upande unaotoka upepo, akachukua kaa moja kwa mzee wa kahawa aliyekuwa pembeni, akalirusha kutoka mbali. Kaa halikukifikia chungu. Moto ulilipokea hewani, ukapanda juu kimo cha mtu, vuuu, ukashuka, na tambara likawa si kitu.

"Matone matatu," Sidi akasema. "Ghalani mwadondoka tangu asubuhi, na mlango umefungwa."

Bi Afaf, nguo zinamchuruzika, aligeuka akaitazama nyumba yake. Alilitazama ghala, akapandisha macho mpaka dirisha lililo juu ya ghala, lenye pazia la maua. Wanawake walikuwa wakicheka ndani yake, mmoja akimwimbia bibi harusi.

"Chumba cha Hafswa," akasema polepole. "Abdulkadir, mwanangu yumo mle."

Akakaa chini pale pale mchangani, na hariri yake, akalia. Bakora ikamwanguka Bwana Abdulkadir.

Dishon akarudi wakati huo, anahema, kipete mkononi. Alipohadithiwa, rangi ilimtoka. Akakiri mbele ya watu kama muungwana: kipete anacho, ila hana hakika kama ndicho dawa, maana kiungo kile ni kizima kwa macho yake. Pengine harusi irudi kwenye kandili.

"Hakivuji kiungo," akasema Sidi. "Petroli yatoka kwengine. Niacheni niitafute."

"Wewe?" akasema Bwana Abdulkadir.

"Mwache," akasema Bi Afaf kutoka chini mchangani. "Mimi ndiye niliyemwagiwa maji. Mimi nasema mwache."

Basi hapo ndipo Mombasa ilipomwona Sidi binti Kombe kazini. Jambo la kwanza, moto wote uzimwe, kutoka pembe ya kichochoro mpaka pembe ya pili. Mzee wa kahawa akazima jiko lake huku akiguna. Mwanamume mmoja mwenye biri mdomoni alisema yeye yuko mbali, na Sidi akamwambia, "Na kaburi lako liko karibu," mwanamume akaitupa. Mlango wa ghala ukafunguliwa wazi. Wakaitoa injini kwa mikono, polepole, bila kuburuta chuma juu ya jiwe, mpaka kiwanjani penye upepo. Ghala likaachwa lipigwe na hewa. Jambo la pili, alilifunga bomba la tangi, akaipangusa mashine yote mpaka ikakauka kau, tangi, mrija, viungo, kila mahali. "Ukitafuta kilicholowa ndani ya kilicholowa," akamwambia Dishon, "utatafuta mpaka kiama."

Jambo la tatu lilikuwa chokaa. Alikuwa na kopo la chokaa laini, ile ya kupakia kuta, na hivi ndivyo alivyotafuta nyufa za midila. Akaikoroga nyepesi, akaipaka kwa unyoya wa kuku, tangi zima na mrija wote, mpaka injini ikawa nyeupe pepepe. Upepo ukaikausha. Kisha akafungua bomba, akawaambia watu wawili wa troli waitikise ile injini kushoto na kulia, kama inavyotikisika ikifanya kazi.

Walingoja. Watu walikuwa wamejaa kila kibaraza, na nyuma yao alisimama Badawi wa Lamu, aliyealikwa harusini, mikono nyuma ya mgongo.

"Lile pale," akasema Sidi.

Chini ya mshipi wa shaba uliolifunga tangi, shibiri nzima mbali na kiungo, uzi mweusi mwembamba ulikuwa umejichora juu ya chokaa. Ukateremka ubavuni, ukaingia kwenye mrija, ukaufuata mrija mpaka kwenye kiungo, na kwenye kiungo ndipo tone lilipokusanyika likaanguka. Ulipofunguliwa mshipi, ufa ulionekana, umesuguliwa na ile shaba njia yote ya troli kutoka Kilindini. Dishon alikuwa amekaza kiungo kizima tangu asubuhi. Akajipiga kofi la paji la uso, akacheka, na watu wakacheka naye.

"Tone ni jizi," akasema Sidi, akimkumbuka aliyemfundisha.

Petroli ikamiminwa kwa faneli ndani ya kopo la chuma lenye kifuniko, ikapelekwa mbali. Tangi likang'olewa. Alasiri ilikuwa imekwisha kuadhiniwa na jua linashuka, na Dishon sasa alikuwa na haraka.

"Li tupu, mama. Lete chuma tulizibe, tumalize."

"Li tupu?" Sidi alimtazama vibaya. "Mume wangu aliambiwa neno hilo hilo."

Akamweleza, kwa maneno machache, na Dishon akaliweka tangi chini kama mtu aliyeshika nyoka.

Yalitakiwa maji ya moto, mengi. Jikoni, ambako moto uliwashwa tena petroli ilipokwisha kupelekwa mbali, kulikuwa na sufuria kubwa lililokuwa likichemka kwa ajili ya wali, na mpishi mkuu akalikumbatia kwa miiko miwili. "Maji ya pilau haya! Watu mia tatu! Nitapika kwa mate?" Bi Afaf aliingia jikoni na hariri yake yenye masizi, wala hakuwa amebadili nguo. "Wali utangoja," akamwambia. "Heri wageni wale wamechelewa kuliko wasile kabisa." Mpishi akaliachia sufuria.

Mara ya kwanza maji yalitiwa pamoja na sabuni na jivu, tangi likatikiswa, likamwagwa mbali. Mara ya pili maji matupu ya kuchemka, yakaachwa mpaka yakapoa. Sidi akanusa. Dishon akanusa. "Hakuna harufu," akasema Dishon. "Yatosha."

Jua lilikuwa juu ya mapaa. Bwana Abdulkadir alikuwa akitembea huku na huku, akitazama anga. Kila jicho lilikuwa likimwambia Sidi fanya haraka, na ndani ya moyo wake pia kulikuwa na sauti iliyosema fanya haraka, hii ndiyo bahati yako, ikikupita hakuna nyingine.

"Mara ya tatu," akasema Sidi. "Lete maji."

Yakaletwa. Baadaye akalijaza tangi maji mpaka chini kidogo ya ufa, ili pasibaki ndani nafasi ya mvuke kujificha, na mdomo wa tangi akauacha wazi. Akarudi dakani kwake, mbali na kopo la petroli, akawasha jiko alilokuwa amelizima. Akaukwangua ufa mpaka bati likang'aa, akanyunyiza unga wa sandarusi ili lehemu ishike. Chuma kikaiva.

Nitawaambia ukweli, aliogopa. Alikuwa hajagusa kwa chuma cha moto kitu kilichotiwa petroli tangu msiba wake. Watu walirudi nyuma bila kuambiwa. Akavuta pumzi, akasema, "Bismillahi," akagusa.

Sandarusi ikanukia. Lehemu ikatoa ule ukelele mdogo, ikayeyuka, ikakimbia ndani ya ufa kama maji yanayojua njia. Hakukuwa na mshindo wowote. Sidi akacheka kwa sauti, peke yake, machozi yanamtoka, akaendelea kuziba mpaka mwisho wa ufa.

Hakumaliza hapo, msidhani. Alilipaka chokaa, akalijaza maji, wakalitikisa, chokaa ikabaki nyeupe. Akalikausha ndani na nje. Alipolirudisha chini ya mshipi, aliweka kipande cha ngozi ya mbuzi katikati ili shaba isisugue tena. Petroli ikarudishwa polepole, injini ikiwa baridi, iliyomwagika ikapanguswa ikaachwa ipae. Chokaa tena, na kuitikisa tena. Bwana Abdulkadir alikuja mwenyewe akainama, akaitazama ile nyeupe muda mrefu. Haikuwa na hata uzi mmoja mweusi.

Watu walipotoka kuswali magharibi, injini ilikuwa imewekwa nyuma ya ua mahali pa wazi, moshi wake umeelekezwa kichochoroni, na hakuna aliyetaja ghala tena. Dishon akaushika mkono wa kuizungusha. Mara ya kwanza ikakohoa. Mara ya pili ikakohoa. Mara ya tatu ikanguruma, na globu ishirini na nne zikawaka kwa pamoja, kila uso uani ukaonekana mpaka kope. Vigelegele vilipasua mji! Mpishi naye alitoka na mwiko akapiga chake. Hafswa alitolewa mbele ya wanawake katika mwanga ambao Kibokoni haikuwahi kuuona, na jirani mwenye kandili arubaini alitafuta pa kujificha asipapate.

"Fundi yuwapi?" Dishon akapaza sauti upande wa wanaume. "Nataka kumpa mkono fundi!"

Watu wakamsukuma Badawi mbele. Badawi akakataa kusogea.

"Si mimi," akasema. "Wallahi, mimi ningelichukua tangi lile tupu nikatia chuma papo hapo, na sasa mngekuwa mnanichimbia kaburi. Bwana Abdulkadir, daka lako lina fundi. Mimi nitatafuta pengine."

Sidi hakuyasikia haya. Alikuwa ukumbini kwa wanawake, kona ya mwisho karibu na viatu, amenawa mikono lakini masizi yamekataa kutoka kwenye kucha. Alitaka kuziona taa tu, kisha aondoke. Ghafla wanawake wakapisha njia katikati ya mkeka. Bi Afaf alikuwa akija, amevaa nguo nyingine, na mkononi ana chetezo kile kile, kimekaushwa, kina makaa mapya na udi mwingi kuliko wa asubuhi. Akampita mkwewe, akawapita masharifu, akapiga magoti mbele ya Sidi. Akakisogeza chini ya kanga yake, akamfukiza toka miguu mpaka nywele, kama afukizwavyo mgeni wa kwanza.

"Nilikuita mchawi," akasema, machozi yako mashavuni. "Nisamehe, dada yangu."

"Nami niliharibu hariri yako," akasema Sidi.

"Hariri yauzwa dukani," akajibu Bi Afaf, na wakakumbatiana wakalia kama watoto, na wanawake wakawapigia vigelegele tena.

Jumamosi ilipofika, ile Jumamosi ya kuhama, Sidi alikuwa dakani tangu alfajiri, jiko linawaka. Hakuna aliyekuja kumwambia hama, na hakuna aliyekuja kumwambia kaa. Akaendelea na kazi. Saa mbili alikuwa amezungukwa na watu watatu, wawili wanawake na mmoja mwanamume, kila mmoja na mdila wake mkononi, wazi, bila kitambaa, mbele ya njia kuu na mbele ya macho ya watu.

Kivuli kikaingia mlangoni. Alikuwa Bwana Abdulkadir, kanzu imepigwa pasi. Mara hii hakuwa na bakora. Alikuwa ameukumbatia mdila wa shaba, ule mkubwa wa babake, ambao miaka sita ulipita kwa mlango wa nyuma.

"Hodi, fundi," akasema.

Sidi hakuinua kichwa mara moja. Alimaliza mshono aliokuwa nao, akaupuliza, akautazama kwenye mwanga.

"Karibu, Bwana Abdulkadir. Keti barazani. Una watu watatu mbele yako."

Mwenye nyumba akaketi barazani kwake mwenyewe, mdila mapajani, akangoja zamu yake.